Jumamosi ni ya Nani?

Ndugu msomaji, mmezoea kunikuta hapa nikijadili bajeti, katiba na mwenendo wa vyuo vyetu. Leo naomba ruhusa nigeuze kioo kiitazame nyumba yangu. Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali mwishoni mwa kipindi, nami nikampa jibu zuri mno. Nilipokuwa nikitembea kuelekea kituo cha basi nilitambua kwamba jibu lile halikuwa la kweli. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya.

Mwanafunzi huyo ni mchezaji wa mpira wa meza. Amepata kushindana tangu sekondari, na sasa yuko mwaka wa pili chuoni, ana mtoto wa miezi kumi na moja. Alijua, kama wengi wanavyojua, kwamba mwalimu wake ni mshindani wa sataranji. Akaniuliza: "Mwalimu, una kazi, una mke na watoto, na bado unashindana katika mchezo ambao hauna hata mtazamaji. Ari unaitoa wapi? Mimi nakaribia kuacha."

Nilijiweka sawa kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. Nilimweleza habari za nidhamu. Nilimweleza kwamba mimi huamka saa kumi alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nikajifunza kwa saa moja na nusu. Nikamalizia kwa kumshauri naye aamke saa kumi.

Akatabasamu kwa adabu. "Saa kumi huwa nimeshaamka, Mwalimu," akasema. "Mtoto huwa ananyonya."

Akashukuru, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Niseme kwanza machache kuhusu mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wenu hamuujui na hamna kosa kutoujua. Sataranji huchezwa na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 64, kila mmoja akiwa na kete 16. Ulianzia India yapata karne ya 6, ukaenda Uajemi, ukapokewa na Waarabu, na jina walilouita ndilo lililotufikia sisi Waswahili. Mimi niliufahamu nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimecheza drafti tu, ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe, na nilikuwa nimemwona babu akisambaza kete za bao kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata. Mwalimu wetu wa hisabati alikuja na sanduku la mbao lililokosa farasi mmoja, na kifuniko cha chupa ya dawa kikawa farasi kwa miaka miwili. Sikuweza tena kuuacha mchezo huo.

Katika mashindano rasmi ya muda mrefu, kila mchezaji hupewa dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Mchezo mmoja waweza kuchukua saa nne, na siku moja yaweza kuwa na michezo miwili. Unakaa kwenye kiti, huzungumzi, unaandika kila hatua kwenye karatasi, na ukiinuka jioni miguu inatetemeka kana kwamba umepanda mlima. Baada ya hapo unapewa namba. Mfumo wa namba hizo ulibuniwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani mwenye asili ya Hungaria, na shirikisho la kimataifa la mchezo huu likaukubali mwaka 1970. Ukimshinda aliye juu yako unapanda sana, ukishindwa na aliye chini yako unashuka sana. Kila mchezaji duniani anaijua namba yake kama mfanyakazi anavyojua salio la mshahara wake tarehe 20 ya mwezi.

Katika nchi yetu ni mchezo wa watu wachache. Nauli ni yako, ada ya ushiriki ni yako, malazi ni kwa ndugu wa ndugu. Zawadi, ikiwapo, hairudishi hata hela ya basi. Katika msiba mmoja wa ukoo, baba mdogo aliniuliza mbele ya watu: "Na hilo nalo ni mchezo? Si mnakaa tu?" Nilimjibu kwamba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mwaka 1999. Akaniuliza kama kamati hiyo inalipa.

Kicheko kile kilinifundisha jambo. Taifa letu lina macho kwa mpira wa miguu pekee, na sisemi hayo kwa wivu. Nami hupiga kelele jioni ya mechi kama watu wengine. Lakini medali mbili pekee tulizowahi kupata katika Michezo ya Olimpiki zililetwa na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980, na zote mbili ni za riadha. Mtu anayekimbia peke yake barabarani alfajiri, mwogeleaji, mcheza vinyoya, mrusha tufe, wote hawa wanaishi katika hali moja: wanafanya jambo gumu pasipo anayewatazama. Kwa hiyo swali la ari kwao si la kifalsafa. Mchezaji wa mpira wa miguu akichoka, uwanja mzima humsukuma. Wa mchezo mdogo akichoka, anasukumwa na nani?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa mtu mmoja, Max Euwe. Kisa chake nimekisimulia darasani mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wa zamani wakinikuta mjini hunitania kwacho. Euwe alikuwa Mholanzi, aliyepata shahada ya uzamivu katika hisabati mwaka 1926. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana mjini Amsterdam, baba wa mabinti watatu, na mchezo aliucheza katika nafasi iliyobaki. Mwaka 1935 mwalimu huyu aliketi mbele ya bingwa wa dunia, Alexander Alekhine, aliyekuwa akiishi kwa mchezo huo. Walicheza michezo 30. Euwe akashinda kwa pointi 15 na nusu dhidi ya 14 na nusu, akawa bingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye akashindwa katika marudiano, akarudi kwenye ubao wa chaki.

Msomaji ataelewa kwa nini kisa hiki kilinivutia. Ni mwalimu, ana shahada ya uzamivu, ana watoto, naye amefika kileleni. Nilijiona mimi katika kioo chake, ingawa kati ya kiwango chake na changu kuna bahari. Nilichokosa kujiuliza katika miaka yote ya kusimulia ni swali dogo: siku zile 30 za michezo, mabinti watatu walikuwa na nani?

Nilikuja kujiuliza mwaka 2022, na sikuulizwa na kitabu.

Jumamosi moja ya mwaka huo nilirudi nyumbani jioni nikiwa nimeshindwa na kijana wa miaka kumi na mitatu. Alikuja ukumbini na sare ya shule, akala karanga kabla ya mchezo, akanifunga katika hatua ya 41 kwa utulivu wa mzee wa baraza. Alikuwa chini yangu kwa alama 200 hivi, kwa hiyo kushindwa kule kulinigharimu alama 15. Ndani ya basi nilikuwa nikiurudia mchezo kichwani. Nilipofika nyumbani nilikuwa bado naurudia. Binti yetu alinisalimia shikamoo mara mbili, na ile ya kwanza sikuisikia.

Jumatatu yake shule ya mtoto wetu mdogo ilitaka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nikafungua droo tunamoweka nyaraka za nyumba: kadi za kliniki, hati ya kiwanja, risiti za ada. Katikati ya kadi mbili za kliniki nikakuta barua. Ilikuwa barua ya mke wangu ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili, masomo ya mwishoni mwa juma, yaani Jumamosi kutwa na Jumapili nusu siku. Ilikuwa na umri wa miaka miwili. Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha ilikuwa imepita kitambo.

Mke wangu ni mtumishi wa umma. Nilijua kwamba wenzake aliokuwa nao daraja moja walikuwa wamepanda, na nilikuwa nimemsikitikia kwa hilo. Hata makala niliandika hapa kuhusu kukwama kwa watumishi wanawake katika ngazi za kati. Msomaji mwenye kumbukumbu ataikumbuka. Niliandika kwa uchungu wa kweli, huku mkwamo wenyewe ukiwa ndani ya droo yangu.

Jioni nilimwonyesha barua. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu aliyekosewa: "Mbona hukuniambia?"

Aliitazama barua kama mtu anayetazama picha ya zamani. "Nilikuambia, Daktari," akasema. Akiniita Daktari ndani ya nyumba najua nina kesi ya kujibu. "Nilikuambia mezani, siku ulipokuwa unajiandaa kwenda Nairobi. Ulikuwa na simu, unatazama mchezo. Ukasema, 'Sawa, tutaona.' Nikaona."

Sikuwa na la kusema. Ubaya ni kwamba hata mchezo niliokuwa nikiutazama siku hiyo niliukumbuka, hatua kwa hatua. Maneno yake ndiyo sikuyakumbuka.

Naomba nisieleweke kana kwamba natubu hadharani ili nisifiwe kwa kutubu. Aina hiyo ya maandishi siipendi. Ninachotaka kukiweka mezani ni hoja, kwa sababu naamini inatuhusu wengi.

Tunapozungumzia ari tunaizungumzia kana kwamba ni kitu kilichomo kifuani mwa mtu, kama damu. Mwenye nayo anafika, asiyekuwa nayo anaachwa. Vitabu vya kuhamasisha vinavyouzwa barabarani kwenye foleni vimejaa imani hiyo. Mimi nimeshindana kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninachokiona ni kwamba sehemu kubwa ya ninachokiita ari yangu ilikuwa muda. Na muda haukuanguka kutoka mbinguni. Saa yangu ya kumi alfajiri iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyekuwa amelala saa sita usiku baada ya kupiga pasi sare za shule. Nilikuwa na ari asubuhi kwa sababu nilikuwa nimelala. Jumamosi yangu ilikuwa wazi kwa sababu ya mwingine ilikuwa imefungwa. Nilidhani nina nidhamu kuliko wenzangu. Kumbe nilikuwa na mkopo, na mkopeshaji alikuwa hajawahi kunitumia ankara.

Sheria zetu zimelitazama jambo hili kwa macho mawili yasiyolingana. Upande mmoja, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo isiyopungua siku 84, na baba siku zisizopungua 3. Siku tatu ni chache kuliko siku za mashindano ya wastani. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa nilichukua siku zangu tatu, nikarudi kazini, na mwezi uliofuata nilikuwa ukumbini nikicheza. Hakuna aliyeshangaa. Watu walinipongeza kwa mtoto na kwa ushindi kwa pamoja.

Upande wa pili tuna uamuzi wa mwaka 1983, ambao wanafunzi wa sheria huusoma mapema: shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani ilikuwa ikitafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kuhusu mgawanyo wa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Ikasema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea, kutunza nyumba, zinahesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Wengi wetu tunaukumbuka uamuzi huo kama jambo la nyumba na viwanja. Mimi naomba tuusogeze mbele kidogo. Kama aliyenipikia amechangia tofali langu, hakuchangia shahada yangu? Hakuchangia alama zangu za sataranji? Ikiwa wakati niliojifunzia ulilipwa na mtu mwingine, basi ile namba ninayojivunia ni mali ya ndoa. Kwenye orodha ya kimataifa imeandikwa jina moja tu, lakini waliolipa ni wawili.

Na mchezo huu wenyewe una kejeli yake. Mfalme hutembea mraba mmoja mmoja, hafanyi kazi kubwa, na kete zote zipo kwa ajili ya kumlinda. Malkia ndiye anayezunguka ubao mzima. Nilikuwa nimeucheza maisha yangu yote bila kutambua kwamba nimeuhamishia nyumbani.

Nikamtafuta tena mtu wa kumsimulia badala ya Euwe, nikamkuta Judit Polgár wa Hungaria. Mwaka 2004 alipata mtoto wake wa kwanza, akasimama kushindana. Mwaka 2005 akarudi, na mwaka huohuo akafikia alama 2735, za juu kuliko zote alizowahi kuwa nazo, akiwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa dunia, wanaume kwa wanawake. Sikisimulii kisa hiki ili kuwaambia akina mama kwamba wakitaka wanaweza; huo ungekuwa uleule ushauri wa saa kumi alfajiri kwa sura nyingine. Nakisimulia kwa sababu katika kisa chake kuzaliwa kwa mtoto ni tukio. Kuna kabla na baada. Katika kisa cha Euwe, namna mimi nilivyokisimulia miaka yote, watoto watatu walikuwa pambo la kumfanya bingwa apendeze.

Tulifanya nini basi? Nitaeleza kwa ufupi, maana hakuna muujiza.

Mke wangu aliomba upya nafasi, akaipata, akaanza masomo mwishoni mwa mwaka ule. Mimi niliacha mashindano kwa miezi kumi na minne. Jumamosi zikawa zangu kwa maana nyingine: soko, kufua, hesabu za darasa la tano, foleni ya kinyozi pamoja na mtoto wa kiume. Nataka kuwa mkweli kwamba miezi mitatu ya kwanza niliifanya kwa kinyongo. Nilikuwa nikipika wali huku nikihesabu mashindano yanayonipita. Mke wangu aliliona hilo, akaniambia kitu ambacho hakikuwa cha upole: "Ukinipa Jumamosi kwa sura hiyo, ni afadhali usinipe." Nikajirekebisha, polepole.

Katika kipindi hicho nilifanya kosa jingine. Nilijaribu kumfanya binti yangu awe mchezaji, ili nicheze bila kuonekana ninacheza. Alijifunza kwa utii kwa wiki sita. Kisha akasema, akichagua maneno, kwamba yeye anapenda netiboli. Nikaenda kumtazama akicheza. Anacheza ulinzi, anapiga kelele nyingi, na katika mchezo mzima hakunitazama hata mara moja. Niliona raha kuketi pembeni ya uwanja wa vumbi nikiwa mtazamaji wa mtu ambaye hanihitaji nimtazame.

Mwezi Machi 2024 ukaja mkasa wa kuchekesha. Shirikisho la kimataifa lilirekebisha mfumo wa alama. Kila aliyekuwa chini ya 2000 aliongezewa sehemu ya pengo lililokuwa kati yake na 2000, asilimia 40 ya pengo hilo. Mimi nilikuwa na 1640. Pengo ni 360, asilimia 40 yake ni 144. Kwa hiyo nilipanda hadi 1784 bila kusogeza hata kitunda kimoja. Kwa miaka mitano nilikuwa nimeamka alfajiri, nimeacha sherehe na vikao vya ukoo, nikitafuta alama mia moja, nisizipate. Nikapewa zaidi ya hizo wakati nikikaanga maandazi. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Nilipomweleza alisema, "Basi rudi ukacheze, usije ukaonekana umeiba."

Nilirudi. Sasa nacheza mashindano manne kwa mwaka, na tarehe zake tunazipanga Januari, pamoja na mitihani yake na ratiba za watoto, juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye jokofu. Najifunza dakika 25 kwa siku, mara nyingi ndani ya basi. Nimegundua kwamba dakika 25 za mtu asiyedaiwa zina faida kuliko dakika 90 za mtu anayeiba. Zamani nilikuwa nikikaa mbele ya ubao nikisikiliza kama mtu ameamka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kete, sikio lilikuwa chumbani. Sikujua kwamba ule ulikuwa wasiwasi wa mdaiwa. Nilidhani ni uchovu. Nilidhani ari yangu inapungua kwa sababu ya umri, kumbe ilikuwa inapungua kwa sababu nafsi ilikuwa inajua isichotaka kukisema.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi wangu, jibu langu la pili ndilo hili. Lina sehemu tatu.

Kwanza, usiniige. Nilikupa ratiba ya mtu ambaye mzigo wake ulibebwa na mwingine. Hukukosa nidhamu. Anayenyonyesha saa kumi alfajiri, akawahi kipindi cha saa mbili, kisha akauliza namna ya kuendelea na mchezo, ana ari ya kumtosha yeye na mwalimu wake. Unachokosa ni saa mbili kwa wiki ambazo mtu mwingine atamshika mtoto kwa moyo mweupe. Hizo zitafute kwa jina: kwa baba wa mtoto, kwa dada, kwa jirani, kwa chama cha michezo. Omba waziwazi, wala usione haya. Mimi sikuwahi kuomba, nilichukua tu, na hakuna aliyeniita mbinafsi.

Pili, punguza mchezo kabla hujauacha. Mashindano mawili kwa mwaka si aibu. Mchezo mdogo una fadhila moja ambayo mchezo mkubwa hauna: hakuna anayekusubiri, kwa hiyo hakuna anayekufukuza. Ukirudi baada ya mwaka mmoja, meza bado ipo.

Tatu, usitafute sababu ya kuucheza zaidi ya kuupenda. Nilijidanganya kwamba ninawafundisha watoto nidhamu, kwamba ninalitangaza taifa, kwamba ninakuza ubongo. Huenda yote yana chembe ya ukweli. Lakini ninacheza kwa sababu kuna nyakati, labda dakika kumi katika mchezo wa saa nne, ambapo kete zote zinaonekana mahali pake na dunia inanyamaza. Hilo latosha. Mtu akikiri kwamba anafanya jambo kwa furaha yake, ndipo anapoona kwamba furaha ya mwenzake nayo inahitaji nafasi kwenye karatasi ya jokofu.

Kwenu wengine mnaonisoma, hoja haiishii kwenye michezo. Ndugu zangu wanaharakati, tunakutana kila mwisho wa juma kujadili usawa, na mara nyingi wanaume tunafika mapema na wanawake wanafika wamechelewa, kisha tunaanza kikao kwa kusisitiza kutunza muda. Ndugu zangu watumishi wa umma, mnapokwenda kwenye michezo ya SHIMIWI mkavuta kamba, mkacheza bao na drafti, ni jambo jema na naliunga mkono. Ila tazameni orodha ya timu, kisha mjiulize ni nani aliyebaki ofisini na nyumbani ili ninyi mvae jezi. Na kwa wanaotunga sera: tunaposema michezo ni kwa wote, tuanze na vitu vidogo, kama mahali pa kumwacha mtoto pembeni ya uwanja. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, chumba kimoja chenye mkeka na mlezi kina maana kuliko kombe.

Mwezi uliopita nilicheza tena. Katika raundi ya tano nilipangwa na yule kijana wa karanga, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na sauti nzito. Alinikumbuka, akaniamkia. Tulicheza saa tatu na dakika kumi, tukatoka sare. Nilikuwa na nafasi ya kuendelea kumbana, lakini sikuiona. Niliiona usiku, nikiwa nimelala, kama kawaida.

Nilipofungua simu nikakuta ujumbe wa mke wangu. Alikuwa ametetea utafiti wake asubuhi ile, na amepita, kuna masahihisho madogo. Chini yake aliandika: "Mchele umekwisha. Pitia dukani."

Nilipitia dukani. Mwanafunzi wangu bado sijamwona tangu siku ile; kipindi chetu ni Jumanne. Nitamwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa ushauri ule nilimpa mbele ya darasa. Na wewe msomaji wangu, kabla hujamshauri mtu awe na ari, jiulize kwanza: Jumamosi yako inalipwa na nani?